Siku Tuliyompigia Makofi Mama Shija

Jamani, mambo ya aibu nimeyafanya mengi, na mengi nimewasimulia wenyewe mkacheka mpaka mkashika mbavu, lakini hili la leo sijawahi kumsimulia mtu, hata mke wangu, na si kwamba ni siri (kijiji kizima kiliona, na wageni wa wilayani juu yake), ni kwamba kila nikilianza nafika mahali fulani maneno yananigomea. Leo nitajaribu kufika mwisho. Mkiona nimenyamaza, nisubirini kidogo.

Ilikuwa miaka ile watu walipokwisha kuhamia kwenye vijiji vya ujamaa, na sisi tuliokuwa tunasoma chuo kikuu kwa gharama ya serikali tulikuwa tunaambiwa asubuhi na jioni kwamba kalamu unayoshika ni jasho la mkulima, kwa hiyo likizo ikifika usikae kwa mama yako ukila karanga, rudi kijijini ukafundishe watu wazima kusoma na kuandika. Mimi nikajitolea. Tena nilijitolea kwa kelele, maana nilikuwa kijana wa kwanza wa kijiji chetu kufika huko juu, na nilishuka kwenye basi pale Sikonge na nywele zangu za afro, suruali ya bugaluu inayofagia njia, viatu vya raizoni vyenye soli nene kama tofali (niliendesha baiskeli navyo, msiniulize vipi), na begi la vitabu ambavyo hakuna mtu kijijini angevisoma, hata mimi mwenyewe nilikuwa sijavimaliza.

Kijiji chetu kimo ndani ya miombo, watu wa tumbaku na asali. Zamani misafara ilipita karibu na hapo kwenda na kutoka pwani, babu zetu ndio waliobeba mizigo hiyo mabegani, na wengine hawakurudi, ndiyo maana kwetu mtu akiondoka kwenda upande wa bahari mama yake haachi kuuliza habari zake kwa kila apitaye. Na aliyekuwa akiuliza kuliko wote ni mama yangu mdogo, Mama Shija, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa. Shija kwetu ni jina la mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha. Wale mapacha hawakuishi, na baada ya Shija hakupata mwingine, kwa hiyo alikuwa na huyo mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge. Mimi na Shija tumelala kwenye ngozi moja tukiwa watoto, tumegombea kiazi kimoja, alikuwa ndugu yangu kabisa, siyo huyo binamu mnayemsema siku hizi.

Basi Mama Shija ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kujiandikisha. Nikamuuliza kwa ile sauti yangu ya mkutanoni, "Ndugu, unataka kujua kusoma ili upambane na nini?" (Nilitegemea aseme ujinga, umaskini na maradhi, maana ndivyo tulivyokuwa tumewafundisha kujibu.) Akaniangalia tu, akasema, "Nataka kusoma barua za Shija, mwanangu. Nimechoka kuzisikia kwa mdomo wa Kapela."

Mzee Kapela ndiye aliyekuwa akiwasomea watu barua. Alikuwa karani wa zamani wa ghala la tumbaku, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mkali, mwenye maringo kidogo, na kila barua aliitoza kikombe cha asali. Na alikuwa na utaratibu wake: ukimpelekea barua anaifungua, anaisoma yote kwa macho, midomo imefungwa, wewe umekaa hapo unamkodolea uso, halafu ndipo anarudi mwanzo anakusomea kwa sauti. Mara nyingine akimaliza kuisoma kwa macho anaikunja anasema, "Huyu mwandiko wake mbaya, niachie mpaka kesho," na jioni hiyo utawaona wazee wawili watatu wanakuja kwako kukaa tu, wanaongea habari za mvua, na wanawake wanaingia mmoja mmoja na kuni na maji, mpaka unajua polepole kabla hujaambiwa. Kwetu habari ya msiba mtu hatupiwi, anapelekewa na watu wa kumshika.

Utaratibu huo niliujua, nimekulia humo. Lakini nilikuwa nimeshasoma vitabu, kwa hiyo nikasimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema kwamba kusoma kwa macho ni kumficha mwananchi haki yake, na kile kikombe cha asali ni mrija wa unyonyaji, na siku si nyingi kila mtu atajisomea barua yake mwenyewe. Watu wakashangilia. Mzee Kapela akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati (angeinuka akanizaba kibao siku ile ile ingekuwa nafuu).

Darasa tulilifanyia kwenye banda la kukaushia tumbaku, alasiri watu wakishatoka shamba, na ubao wetu ulikuwa mbao tatu zilizopakwa masizi na unga wa betri zilizokufa. Nawaambieni, Mama Shija alisoma. Akipika anaandika kwenye majivu kwa kijiti, akienda kisimani anatembea akisema ma, me, mi, mo, mu, wenzake wakimcheka naye anacheka. Mwezi wa pili alikuwa anasoma sentensi fupi kwa kukatakata, kidole chini ya kila silabi. Kilichomtoa jasho ni zile herufi zinazobanana, hasa m na z zikikaa pamoja, nikawa nampa mzee, mzazi, mzigo, kila siku mzee, mzazi, mzigo. Na mtu akisoma sawasawa nilikuwa nasema, "Mpigieni makofi!" na darasa zima linapiga matatu, pa, pa, pa, naye anajifunika mdomo kwa khanga kwa haya.

Sasa ikaja habari kwamba viongozi wa elimu kutoka wilayani watafika kuliona darasa la msomi aliyejitolea. (Hilo "la msomi aliyejitolea" nimeliongeza mimi, lakini ndivyo nilivyolisikia.) Asubuhi ya siku hiyo nikapanda baiskeli kwenda Sikonge kutafuta chaki, nikapita posta kuchukua barua za kijiji, na humo nikakuta bahasha ya Mama Shija yenye muhuri wa Tanga. Mwandiko haukuwa wa Shija, lakini hilo halikunishtua, maana Shija shule aliikimbia mapema na siku zote alikuwa anaandikiwa na yeyote atakayemkuta, kila barua mwandiko wake.

Nilipofika darasani Mama Shija alikuwa ameshakaa benchi la mbele, amejifunga khanga mpya. Nikampa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza mbele na nyuma, akanirudishia.

"Nifungulie unisomee upesi, mwanangu, kabla wageni hawajafika."

Hapo ndipo, jamani. Ningeifungua tu. Barua ilikuwa mkononi mwangu, muda ulikuwepo, macho ninayo. Lakini mimi nilikuwa naona kitu kingine: naona wageni wameketi, naona mama mkulima anasimama anafungua barua halisi ya mwanawe, siyo zile sentensi za kitabuni za jembe na pamba, anaisoma mbele yao, na naona jina langu likiandikwa kwenye ripoti. Nikamrudishia.

"Hapana, mama. Leo utaisoma mwenyewe, mbele ya wageni."

"Na nikishindwa?"

"Huwezi kushindwa."

Akacheka, akaisokomeza kwenye khanga kifuani, akakaa nayo hapo karibu saa nzima tukiwangoja wakubwa.

Wakafika na Land Rover yao na vumbi lao, tukaimba, wakaketi kwenye viti vilivyoazimwa nyumba nne tofauti. Nikatoa hotuba (ndefu). Halafu nikatangaza kwamba sasa ndugu mwanafunzi atasoma barua iliyofika leo hii kutoka Tanga, haijafunguliwa, haijaguswa, mjionee wenyewe. Mzee Kapela alikuwa amesimama mlangoni, maana kuketi kwenye benchi la wanafunzi aliona ni kudhalilishwa. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Ndugu mwalimu, wewe umeiangalia kwanza?"

Nami nikamjibu, mbele ya watu wote, na tabasamu langu, "Mzee wangu, enzi za kuangalia kwanza zimepita!"

Watu wakacheka. Wageni nao wakacheka. Kapela akageuza uso akatazama nje.

Mama Shija akasimama, akafungua bahasha polepole asiichane, akaweka kidole. "Kwa ma-ma Shi-ja. Sa-la-mu nyi-ngi sa-na. Si-si hu-ku ni wa-zi-ma, ho-fu ni kwe-nu tu." Nikasema mpigieni makofi, wakapiga, akajifunika mdomo. (Shija siku zote alisema mimi huku ni mzima. Hii ilisema sisi. Nimeligundua hilo baadaye, nikiwa nimelala, na nimeendelea kuligundua miaka yote.)

Ukafuata mstari wa "madhumuni ya barua hii ni kukuarifu," maneno marefu ya kiofisi, tukahangaika nayo wee, mimi nimeinama karibu naye namsaidia ma-dhu, ma-dhu-mu, darasa lote linavuta naye kama watu wanaokwamua gari, mpaka akayamaliza na jasho linamtoka. Akaendelea.

"Kwa-mba tu-li-m... tu-li-m..."

"Kumbuka mzigo, mama! Mzi! Mzi!"

"Tu-li-mzi-ka."

"Vizuri! Endelea!"

"Shi-ja I-ju-maa."

"Vizuri sana! Mpigieni makofi!"

Pa, pa, pa.

Naapa mbele yenu kwamba sikuwa nimesikia neno. Nilisikia silabi. Nilisikia ile mzi iliyotushinda wiki tatu imetoka safi mbele ya wageni, na moyo wangu ulijaa. Nao darasani ndivyo hivyo hivyo, walikuwa wanafuata sauti, hawafuati habari. Na sikuishia hapo. Nilisema, na sauti yangu naisikia mpaka leo, "Sasa rudia yote kwa pamoja, mama, bila kukata, wageni wasikie."

Mama Shija akavuta pumzi, bado anatabasamu, akasoma kama mtu anavyozungumza: "Tulimzika Shija Ijumaa."

Wa nyuma walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Yakafa moja moja. Yeye akarudisha kidole mwanzo wa mstari, akaupitia tena, midomo inatembea bila sauti, halafu akainua uso kunitazama.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Akanisogezea karatasi.

"Hapa nimekosea. Nionyeshe nilipokosea, mwanangu."

Nikainama nikaisoma, kwa macho, ndiyo mara ya kwanza kuisoma. Chini yake kulikuwa na mistari mingine miwili, kwamba homa ilimshika siku tatu tu, na aliyeandika ni mwenzake wa chumba kimoja, kijana wa mbali asiyejua watu wa kwetu wanaambiwaje. Nilifikiri kumwambia umekosea, mama. Jamani nilifikiri, nilikuwa na neno hilo mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama usoni na uso ulikuwa umeshamwambia, kwa hiyo nikasema, "Umesoma sawa, mama."

Akasema "Mayo," yaani mama kwa lugha yetu, taratibu, kama anamwita mtu aliye chumba cha pili. Akajishusha akakaa chini, khanga mpya kwenye vumbi, na ndipo akalia.

Mgeni mmoja aliyekuwa akinong'onezana na mwenzake hakuwa amefuata hata kidogo, akasema kwa furaha, "Mama huyu lazima apewe cheti!"

Na mimi msomi nikafanya nini? Mnajua nilichofanya? Nilitoka nje nikaenda kugonga kengele. Sijui kwa nini. Nadhani kichwani mwangu darasa likiharibika unagonga kengele na kipindi kinakwisha. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa, na kijijini kwetu rimu ikigongwa wakati si wake maana yake ni moto au hatari, kwa hiyo baada ya dakika chache watu wakaja mbio kutoka mashambani, wengine na ndoo za maji, wengine na mapanga, wakipiga kelele, "Uko wapi? Moto uko wapi?" nami nimesimama hapo na jiwe mkononi nimebabaika. Ikabidi kila kundi linalofika liambiwe upya, na wote waliambiwa pale pale mlangoni, yeye akisikia ndani: Shija amekufa, kajisomea mwenyewe, Shija amekufa, kajisomea mwenyewe. Mama yangu mzazi alifika na jembe begani, akaambiwa hivyo hivyo, akalidondosha.

Mzee Kapela ndiye aliyeingia. Akainyanyua ile barua nilipokuwa nimeiacha, akaisoma, akaikunja akaitia mfukoni. Akawashukuru wageni kwa kuja, akawaomba radhi, akawasindikiza garini. Akawaambia wanawake wamchukue Mama Shija nyumbani. Mimi nilitegemea anitukane, na nilitaka sana anitukane, lakini alipofika kwangu aliniondolea lile jiwe mkononi akasema, "Nenda ukamlilie ndugu yako."

Maana hata hilo nilikuwa nimelisahau. Tangu niliposoma ule mstari nilikuwa nafikiria aibu yangu tu, wageni, ripoti, watu watasemaje, na haikuwa imenijia kwamba aliyezikwa ni Shija. Nikalia pale pale, na viatu vyangu vya raizoni, mbele ya watu wenye ndoo.

Tulikaa msiba bila maiti wala kaburi. Darasa lilikufa, hakuna aliyelifunga, watu hawakuja tu. Mama Shija hakuwahi kunilaumu, hakunisema kwa mtu, na nilipokwenda kumpigia magoti kuomba radhi aliniuliza kama nimekula. Likizo ilipokwisha alinisindikiza mpaka njia kuu, amenibebea mfuko wa karanga, tukatembea mpaka mahali pa kuagana.

"Uniandikie," akasema.

"Mama..."

"Kusoma sasa najua. Nilizokuwa nazingoja haziji tena, basi niandikie wewe, nisije nikasahau."

"Nitaandika nikifika tu, mama."

Nilifika, nikakaa na karatasi. Na barua ya kwetu, mnajua, huanza namna moja tu. Nikaandika mimi ni mzima wa afya, nikaiangalia, nikaona jinsi atakavyoisoma, kidole chini ya kila silabi, mi-mi ni mzi-ma, na ile mzi niliyomfundisha mwenyewe, na mzima ni mimi. Nikaichana. Wiki iliyofuata nikajaribu tena. Halafu ikaja mitihani. Halafu ikawa nimechelewa mno, ikabidi nieleze kwanza kwa nini nimechelewa, na hilo nalo likanishinda. Mama yangu akamwandikisha Mzee Kapela barua kwangu, ndani yake maneno haya: mama yako mdogo anauliza kama posta bado inafanya kazi. Nilijibu yote yaliyokuwemo isipokuwa hilo. Likizo zilizofuata niliendelea kujitolea, nikafundisha Kigwa, nikafundisha Nzega, watu wakanisifu kwa moyo wangu wa kizalendo, nilikwenda popote palipohitaji mwalimu isipokuwa kwetu.

Niliporudi ilikuwa mwaka wa tatu tangu tuagane, na nilikuta kaburi. Mama yangu alinieleza tukiwa tumesimama hapo kwamba mdogo wake alikuwa akitembea kwa miguu kila mwisho wa mwezi mpaka Sikonge kuuliza, na akirudi mikono mitupu anawaambia watu wasinilaumu, huko mtoto ana masomo mengi.

Ile aibu ya darasani watu wote waliiona, na walinisamehe hata kabla sijaomba. Hii ya pili hakuna aliyeniona, na hakuna wa kunisamehe. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia uniandikie, hata kama anasema tu kwa adabu ya kuagana, namwandikia wiki hiyo hiyo. Huwa sina la maana la kusema. Mimi mzima, hofu ni kwako, basi, naweka jina langu, naipeleka posta mwenyewe.